Kuifuata Njia ya Unga: Mapishi Yasiyo na Gluteni katika Kaya ya Kinondoni

Mzazi wa Kinondoni anayeelezwa na daktari kwamba mwanawe hapaswi tena kuonja ngano hutoka kliniki na hofu mbili. Ya kwanza ni ya fedha. Amewahi kuona au kusikia habari za mikate na biskuti za pakiti kutoka nje, zilizoandikwa kuwa hazina gluteni, na anajua kwamba bei yake si ya mkazi wa Tandale wala wa Hananasif. Ya pili ni ya kijamii: atamwelezaje bibi, shangazi na majirani kwamba andazi moja linaweza kumdhuru mtoto?

Hofu ya kwanza, kwa sehemu kubwa, haina msingi. Sufuria ya mchana na ya usiku katika kaya nyingi za Dar es Salaam haina gluteni kwa asili yake. Ugali, wali, ndizi, mihogo, maharage, mchicha, dagaa na samaki havikuwahi kuwa na ngano. Gluteni huingia nyumbani kupitia chai ya asubuhi, mashine ya kusaga, mafuta ya kukaangia na, jambo linalowashangaza wengi, kikombe cha uji wa lishe. Somo la mapishi kwa familia kama hiyo ni la kuufuata unga tangu sokoni hadi mezani, na kujua ni wapi unakutana na ngano.

Gluteni na maradhi yanayohusishwa nayo

Gluteni ni kundi la protini zilizomo katika ngano. Ndiyo inayolifanya donge la chapati livutike bila kukatika, na ndiyo inayozuia hewa ya hamira isitoroke ili andazi liumuke. Protini za jamii hiyo zimo pia katika shayiri na katika rai, nafaka ya nchi za baridi isiyoonekana sana katika masoko ya Afrika Mashariki. Hazimo katika mahindi, mchele, mtama, uwele, ulezi, mihogo, viazi, ndizi wala jamii ya kunde. Tahadhari moja ya lugha inahitajika hapa: baadhi ya wauzaji huita oti kwa jina la shayiri, na oti yenyewe, ingawa wagonjwa wengi huistahimili ikiwa safi, mara nyingi huwa imechanganyika na ngano tangu shambani au kiwandani. Kwa mgonjwa mpya ni heri kuiacha mpaka daktari ashauri vinginevyo.

Anayesema kwamba ngano inamdhuru anaweza kuwa na moja kati ya hali kadhaa, na tofauti zake si za jina tu. Katika ugonjwa wa siliaki, gluteni huuchochea mfumo wa kinga wa mwili kuushambulia utumbo mwembamba. Vinyweleo vidogo vinavyonyonya chakula husawazika, na chakula hupita bila kuufaidi mwili. Mtoto huweza kuharisha kwa muda mrefu, kujaa tumbo, kukonda au kudumaa. Lakini wapo wasioharisha kabisa, ambao dalili yao pekee ni upungufu wa damu usiopona kwa vidonge vya madini ya chuma, uchovu, au mifupa dhaifu. Mzio wa ngano ni jambo jingine: vipele, kuvimba midomo, kutapika au kubanwa pumzi hutokea ndani ya dakika chache au saa chache baada ya kula, na huweza kuhatarisha maisha papo hapo. Kisha kuna wale ambao vipimo vyao havionyeshi siliaki wala mzio, lakini tumbo huwasumbua. Baadhi yao hudhuriwa na aina fulani za sukari zilizomo katika ngano, si na gluteni yenyewe. Hao wana nafasi ya kupunguza tu, ilhali mgonjwa wa siliaki hana nafasi hiyo.

Mwaka 1888 daktari Samuel Gee wa London aliuelezea ugonjwa huu kwa watoto na kusema kwamba tiba yake, kama ipo, itapatikana katika chakula. Chakula gani hasa, hakukijua. Aliyekigundua alikuwa Willem Karel Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, aliyekuwa na shaka na ngano tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili. Katika majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 njaa iliikumba nchi yake na mkate ukaadimika. Watoto wagonjwa walipata nafuu, na mkate uliporudi, ugonjwa nao ukarudi. Tasnifu yake ya mwaka 1950 ililithibitisha hilo. Mpaka leo dawa ya siliaki ni kuacha gluteni maisha yote.

Wapo wahudumu wa afya ambao bado huuona ugonjwa huu kuwa wa Wazungu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu watoto wa Saharawi, watu wa Sahara Magharibi, ulikuta kwamba asilimia 5.6 kati yao walikuwa nao, ilhali makadirio ya dunia ni kama mtu 1 kati ya 100. Unaonekana pia kwa wingi kaskazini mwa India, ambako chapati ndiyo chakula kikuu, na Dar es Salaam ina familia nyingi zenye asili ya huko. Kwa upande mwingine, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Walio wengi wamedumaa kwa sababu nyingine kabisa: lishe duni, maambukizi ya mara kwa mara, minyoo. Si haki kuwapima wote siliaki. Lakini mtoto aliyekwisha kutibiwa minyoo na giardia, aliyepimwa VVU na kifua kikuu, aliyepewa madini ya chuma na kulishwa vizuri, na bado mstari wake katika kadi ya kliniki haupandi, anastahili kuulizwa swali hili.

Kipimo cha kwanza ni cha damu, kinachotafuta kingamwili maalumu pamoja na kiwango cha jumla cha kingamwili aina ya IgA. Kikionyesha dalili, mgonjwa hupewa rufaa kwenda hospitali yenye endoskopi, kama Hospitali ya Taifa Muhimbili, na vipande vidogo vya ukuta wa utumbo huchukuliwa na kuchunguzwa. Kosa linaloharibu kazi hiyo yote ni kuacha ngano kabla ya kupimwa. Utumbo huanza kupona, kingamwili hushuka, na majibu huja yakisema hakuna ugonjwa. Anayetaka kupimwa anapaswa kuwa anakula ngano kila siku, katika mlo zaidi ya mmoja, kwa wiki 6 angalau. Ushauri wa jirani kwamba “acha ngano kwanza tuone” unaweza kumpotezea mgonjwa miaka. Mwenye dalili za mzio wa ghafla hahusiki na maelekezo haya: yeye asijaribishwe ngano nyumbani kwa vyovyote.

Kaya ya mfano

Mfano ufuatao umeundwa kwa ajili ya kufundishia. Familia ya watu 6 inaishi katika vyumba viwili Tandale: baba ambaye ni fundi ujenzi, mama, bibi mzaa baba, na watoto watatu. Binti wa miaka 7 amethibitika kuwa na siliaki kwa damu na kwa endoskopi. Mdogo wake wa miaka 3 huvimba midomo na kutoka vipele akila karanga. Mama mwenyewe hawezi maziwa freshi, humjaza gesi na kumharisha, ingawa mtindi humpita vizuri kwa kuwa uchachu umekwisha kuila sehemu ya sukari ya maziwa. Na kila alfajiri, saa kumi, mama huyo hukanda unga wa ngano kilo kadhaa na kukaanga maandazi ya kuuza. Ada, sare na sehemu ya kodi ya chumba hutoka katika karai hilo.

Miezi miwili baada ya ushauri wa kliniki, binti bado analalamika tumbo. Mama anaapa kwamba hampi andazi wala chapati. Anasema kweli. Mhudumu anayemshuku kwamba anadanganya atakuwa amelifunga faili mapema mno.

Unga wa ngano ukikandwa ndani ya chumba, vumbi lake hutua juu ya vikombe, sufuria na chakula kilichobaki wazi. Kibao na kifimbo cha kusukumia chapati, mwiko wa mti wenye nyufa na chekeche la unga huuhifadhi ngano hata vikisuuzwa. Hapa ndipo penye dhana potofu iliyo ngumu kuing’oa: watu huamini kwamba kilichochemka ni salama. Gluteni si kijidudu. Haifi kwa moto, haiondoki kwa kukaanga, na maji ya moto hayaigeuzi kuwa kitu kingine. Huondoka kwa kuoshwa kwa sabuni na kusuguliwa, na katika vyombo vya mbao na chekeche haiondoki kwa uhakika. Kaya hii inahitaji mwiko mmoja mpya, chekeche jipya na sufuria moja inayoangaza, vyote vikiwa na alama ya rangi ambayo hata mtoto ataitambua.

Mafuta ni njia ya pili. Mihogo ya binti ilikuwa ikikaangwa katika karai lilelile, kwa mafuta yaliyobaki baada ya maandazi, jambo la busara kwa mwenye kubana matumizi. Chipsi za kibandani zina hatari hiyohiyo pale mafuta yanapotumika pia kwa sambusa.

Njia ya tatu ni mashine ya kusaga. Mtaani mashine moja husaga mahindi ya mteja huyu, mtama wa yule, na mchanganyiko wa uji wa lishe wenye ngano wa mteja wa tatu. Unga wa dona wa binti ulitoka ukiwa umebeba mabaki ya aliyetangulia. Kimataifa chakula huitwa kisicho na gluteni kikiwa na gluteni isiyozidi miligramu 20 kwa kilo, kiwango kidogo sana ukikilinganisha na konzi moja ya unga wa ngano iliyobaki katika mashine. Dawa kamili ni kusaga nyumbani, kwa kinu au kwa blenda, nafaka iliyonunuliwa ikiwa nzima na kuchaguliwa kwa mkono. Soko la Tandale, mashuhuri kwa nafaka, halipo mbali na familia hii, na punje nzima humruhusu mnunuzi kuona kama ngano imechanganyika. Asiyeweza kusaga nyumbani azungumze na mwenye mashine: aende wa kwanza asubuhi baada ya mashine kusafishwa, apitishe kwanza kilo 2 au 3 za mahindi ambayo yatapikiwa wengine, kisha ndipo apitishe ya mgonjwa. Njia hii hupunguza hatari, haiimalizi.

Lakini kilichomdhuru binti huyu kuliko vyote kilikuwa uji. Bibi, kwa mapenzi, alikuwa akimnunulia unga wa lishe ili anenepe. Mchanganyiko huo mara nyingi huwa na mahindi, mchele, ulezi, soya, karanga na ngano. Kwa kikombe kimoja, kaya hii ilikuwa ikimlisha binti gluteni na kumweka mdogo wake jirani na karanga. Kurundika nafaka 5 au 6 hakuongezi lishe kama inavyodhaniwa, kwa sababu nafaka hizo hufanana sana kwa kile zinachotoa. Ulezi peke yake, ukipikwa na unga wa dagaa au wa maharage na kuongezwa tui la nazi, humtosha mtoto, nao wawili hao wanaweza kuunywa pamoja. Maziwa freshi yasiwekwe katika sufuria ya wote. Aidha, siliaki isiyotibiwa humfanya mgonjwa mwenyewe ashindwe kwa muda kuyasaga maziwa, hali inayorekebika utumbo unapopona.

Karai jipya

Kumwambia mama huyu aache maandazi ni rahisi kwa asiyelipa kodi ya chumba chake. Ushauri unaofaa ni wa kubadili bidhaa polepole, akianzia na vyakula ambavyo wateja wa pwani wanavijua na kuvipenda: vitumbua, chila, mkate wa kumimina, mihogo ya kukaanga, bhajia za kunde. Mpaka mabadiliko yakamilike, ngano ikandwe nje ya chumba, kwa nguo itakayovuliwa kabla ya kumhudumia binti, na karai lake lisiguse chakula kingine.

Vitumbua vinavyouzwa mitaani havifai kuaminiwa bila kuuliza, kwa kuwa wapishi wengi huongeza unga wa ngano ili vishikane. Sababu ya kuongeza ni ya kweli: mchele hauna gluteni, na bila kitu cha kushikanisha, kitumbua hukatika na kuwa chengachenga. Mbadala upo katika mchele wenyewe. Wanga uliokwisha kupikwa hugeuka kuwa ute unaonata, na ute huo huishika hewa ya hamira kwa kiasi cha kutosha. Kwa hiyo vikombe 2 vya mchele hulowekwa usiku kucha, humwagwa maji, na kusagwa laini katika blenda pamoja na tui zito, hiliki, na vijiko vitatu vya wali uliopikwa. Sukari na kijiko kidogo cha hamira huongezwa, na mchanganyiko huachwa mahali penye joto mpaka uumuke na kutoa mapovu. Uwe mzito kuliko uji wa kunywa, mwepesi kuliko donge. Ukizidi wepesi, kitumbua hunywa mafuta; ukizidi uzito, kati hubaki kibichi. Mchanganyiko huohuo, ukimiminwa mwembamba katika kikaango, ni chila. Hamira ya kawaida haina shida, lakini baadhi ya baking’i poda huongezwa wanga wa ngano, basi kibandiko kisomwe.

Chapati nayo ina ndugu yake wa kale. Mkate wa mofa wa pwani ulikuwa wa mtama. Unga wa mtama ukikandwa kwa maji baridi hupasuka. Ukimwagiwa maji yanayochemka, ukakorogwa na kuachwa upoe kidogo kabla ya kukandwa, wanga wake huiva nusu na donge hushikana. Husukumwa kati ya vipande viwili vya nailoni, kwa ukubwa wa sahani ndogo tu, na kupikwa kwenye kikaango kikavu chenye moto mkali. Haitakuwa laini kama ya ngano, na mpishi asimwahidi mtoto kwamba itakuwa. Samaki hupakwa unga wa mchele badala ya ngano kabla ya kukaangwa, na hapo hakuna atakayelalamika. Unga wa dengu kwa ajili ya bhajia usinunuliwe ukiwa umesagwa, maana wauzaji huweza kuuchanganya.

Kuacha ngano kuna gharama zake za lishe, na mshauri asizifiche. Kwa kanuni za mwaka 2011, unga wa ngano wa viwandani nchini Tanzania huongezwa madini ya chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12. Dona ya mashine ya mtaani kwa kawaida haina nyongeza hiyo. Mwanamke mwenye siliaki aliye katika umri wa kuzaa anahitaji vidonge vya foliki kwa ushauri wa kliniki, pamoja na maharage na mboga za majani kila siku. Mahindi na karanga vilivyohifadhiwa na unyevu huota ukungu wenye sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kaya inayokula mahindi zaidi ichague zaidi. Muhogo mchungu usioandaliwa vizuri hubeba sumu ya sianidi. Huko Tarime, mwaka 1985, watu waliokula muhogo ulioharakishwa wakati wa uhaba wa chakula walipooza miguu kwa ugonjwa uitwao konzo. Unga wa muhogo usiojulikana asili yake unaweza kupunguzwa sumu kwa kuloweshwa maji, kutandazwa ukiwa mwembamba usiozidi sentimita moja, na kuachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini kabla ya kupikwa. Hewa ndiyo inayoichukua sumu, hivyo usifunikwe.

Nje ya nyumba

Shuleni mtoto hushawishiwa na andazi la mapumziko. Huenda na chila zake katika kopo, na mwalimu wa darasa apewe maelezo kwa maandishi mafupi. Harusini pilau kwa kawaida ni salama, bokoboko si salama kwa kuwa ni ngano na nyama. Futari ya Ramadhani inampa nafuu kubwa: magimbi, mihogo, viazi vitamu na ndizi za nazi ni vyake, ila tambi, sambusa na kalimati aviache. Kwa Wakatoliki, hostia hutengenezwa kwa ngano. Kanisa linaruhusu hostia yenye gluteni ndogo mno, au kupokea divai peke yake, na padre akielezwa mapema hulipanga jambo hilo bila kumwaibisha mtu.

Bibi ndiye anayehitaji muda kuliko wote. Kwake, kumnyima mjukuu ni ukatili, na kumwonjesha kipande “kidogo tu” ni upole. Mhudumu amwite kliniki pamoja na mama, amwonyeshe kadi ya mtoto, kisha amkabidhi kazi: awe ndiye mlinzi wa sufuria yenye alama.

Binti hupimwa uzito na urefu kila anapohudhuria, na damu yake hurudiwa baada ya miezi 6 na 12. Kingamwili zisiposhuka, njia ya unga ichunguzwe upya kabla ya kutafuta maradhi mengine. Wazazi na ndugu zake nao wapimwe, kwa kuwa takribani 1 kati ya 10 wa damu moja huwa na ugonjwa bila kujua. Hapa pana mpangilio wa kuzingatiwa: wapimwe wangali wanakula ngano, kabla jiko zima halijabadilishwa. Mtoto wa miaka 3 aendelee na andazi lake, nje ya chumba na kwa kunawa mikono kwa sabuni, mpaka damu yake ichukuliwe.